Unafuatilia stori inayokera wakubwa? Anza hapa

Kila nikikaa na waandishi wachanga, hasa wa mikoani, naulizwa maswali yale yale matatu. Nikiitwa polisi niende? WhatsApp ni salama? Chanzo changu nitamlindaje? Tatizo ni kwamba wengi wanauliza stori ikiwa imeshatoka na simu imeshaanza kuita kwa namba wasizozijua. Mengi ya kufanya yalitakiwa yafanyike wiki tatu nyuma.

Nimeandika kwa ajili ya anayefanya kazi hii Tanzania Bara bila kampuni kubwa nyuma yake: koresponda anayelipwa kwa stori, ripota wa redio ya jamii, mwenye chaneli yake ya habari YouTube. Aliyeajiriwa kwenye chombo kikubwa ana mwanasheria wa kumpigia simu. Wewe una daftari na bando la wiki. Kama uko Kenya au Uganda, yanayohusu simu na vyanzo yatakufaa, ila ya sheria tafuta ya kwenu.

Kuhusu sheria nitasema kidogo tu. Ibara ya 18 ya Katiba inakupa haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Lakini ukiitwa, utakachosomewa ni Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 au Kanuni za Maudhui Mtandaoni. Mahakama ya Afrika Mashariki ilishasema Machi 2019 kwamba vifungu kadhaa vya hiyo ya 2016 vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya, na Bunge likairekebisha 2023. Isome angalau mara moja, hata kama ni kwa kurukaruka.

Kubwa la kushika ni hili: mara nyingi hutashikwa kwa stori uliyoandika. Utashikwa kwa kitu kingine kilichokuwa kimelala wazi nyumbani kwako. Mwandishi Erick Kabendera alipochukuliwa Julai 2019, kwanza tuliambiwa ni suala la uraia wake. Alipofikishwa mahakamani mashtaka yalikuwa mengine kabisa: kuongoza genge la uhalifu, kutolipa kodi ya zaidi ya shilingi milioni 173, na utakatishaji fedha, kosa ambalo halina dhamana. Akakaa mahabusu hadi Februari 2020. Hakuna shtaka hata moja lililotaja makala yake yoyote. Sasa utaona kwa nini hatua ya kwanza hapa chini haihusu kalamu.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha uandishi kilicho hai, kutoka Bodi ya Ithibati (JAB). Kama huna diploma ya uandishi, hilo ni pengo lako la kwanza, na watalitumia.
- Barua ya mhariri inayosema unafanya kazi hii kwa niaba ya chombo fulani. Hata nusu ukurasa inatosha, yenye saini na muhuri.
- Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama unachapisha habari mtandaoni kwa jina lako mwenyewe.
- Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, TIN na risiti za kodi, nakala zote kwenye bahasha moja iliyo kwa ndugu unayemwamini.
- Wakili aliyekubali kwa kinywa chake, kabla ya tukio.
- Watu wawili wanaojua unakwenda wapi.
- Flashi mbili, daftari, na simu ndogo ya batani.
- Nauli yako mwenyewe. Ukipanda gari la mtu unayemchunguza au la mpinzani wake, stori imekufa hapo hapo.

Hatua kwa hatua

1. Funga milango ya nyumbani kwako.

Kaa jioni moja ujichunguze kama vile unamchunguza adui yako. Kodi yako ikoje? Ile pesa ya shirika la nje uliyolipwa kwa makala ina mkataba na imeonyeshwa TRA? Jina kwenye cheti cha kuzaliwa linafanana na la NIDA? Chaneli ina leseni au unaendesha kwa leseni ya rafiki? Una deni la mtu aliyefungua RB?

Leseni watu huidharau. Kanuni zilipoingia 2018, ombi peke yake lilikuwa shilingi 100,000 na leseni milioni moja, na ilikuwepo milioni moja nyingine ya kila mwaka. Wapo waliofunga blogu zao wakaenda kufanya mengine. Kanuni zimebadilishwa tangu hapo, kwa hiyo uliza ada ya sasa kabla ya kukata tamaa. Najua inauma kulipia ruhusa ya kusema. Lakini kuendesha habari mtandaoni bila leseni ni kosa lisilohitaji ushahidi mwingi. Mpelelezi anafungua tovuti yako, anapiga chapa, amemaliza.

2. Panga watu wako.

Wakili: nenda ofisini kwake ukiwa huru, mpe nakala za makaratasi yako, mkubaliane malipo. Huna uwezo? Kuna Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu (THRDC), Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC), Baraza la Habari na MISA Tanzania. Klabu ya waandishi ya mkoa wako nayo ijue unafanya nini, ikiwa unaiamini. Kama huiamini, basi chagua mwanachama mmoja.

Wale watu wawili wa kujua safari zako wapewe ratiba: unatoka saa ngapi, unapita wapi, utawapigia saa ngapi. Pitisheni neno moja la kawaida ambalo ukilitaja kwenye simu wanajua huongei kwa hiari. Azory Gwanda, koresponda wa Mwananchi aliyekuwa akiandika mauaji ya Kibiti, aliondoka na watu waliokuwa kwenye gari jeupe tarehe 21 Novemba 2017. Alimwambia mkewe kwamba amepata safari ya dharura na angerudi kesho yake. Hajarudi hadi leo.

Mkubaliane pia kimya kikizidi saa ngapi ndipo kelele zianze, na zianzie kwa nani. Familia nyingi hupoteza siku nzima ya kwanza zikisitasita, zikidhani labda betri imeisha.

3. Tengeneza simu.

Ondoa alama ya kidole na sura, weka namba ya siri ya tarakimu sita au zaidi isiyo mwaka wako wa kuzaliwa. Ukiona dalili ya kukamatwa, izime kabisa. Simu iliyozimwa ni ngumu zaidi kufunguliwa kuliko iliyofungwa skrini tu.

WhatsApp ni salama? Ujumbe ukiwa njiani, ndiyo. Ukishafika, inategemea simu mbili na watu wawili. Angalia nakala inayojihifadhi Google Drive kila usiku: hiyo haifungwi kwa siri mpaka uwashe mwenyewe kwenye mipangilio. Signal ni afadhali, na siku hizi unaweza kutumia jina badala ya kutoa namba yako. Washa ujumbe unaojifuta tangu siku ya kwanza ya mazungumzo.

Hakuna programu itakayoficha kwamba mmepigiana simu ya kawaida. Laini yako na ya chanzo zimesajiliwa kwa alama za vidole, na kampuni ya simu inajua nani kampigia nani, saa ngapi, akiwa karibu na mnara upi.

Kosa ninalokutana nalo kila mwaka: kumhifadhi chanzo kwenye simu kwa cheo chake. Kijana mmoja alinionyesha simu yake kwa fahari, kasafisha kila kitu, ujumbe umefutwa, picha hakuna. Kwenye orodha ya majina nikakuta "Afisa Manunuzi Halmashauri CHANZO". Kwa herufi kubwa.

4. Mlinde chanzo tangu salamu ya kwanza.

Kabla hajakueleza lolote, mwambie unachoweza kumuahidi na usichoweza. Usimwambie "usiogope, hakuna atakayejua." Mwulize: ni watu wangapi wengine wanaijua habari hii ofisini kwenu? Akijibu watatu, mmoja wao yuko likizo, basi hata usipoandika jina lake umeshamtaja. Hapo ama mnatafuta mtu wa pili, ama mnaifikia habari hiyo hiyo kwa mlango wa wazi.

Na milango ya wazi ni mingi kuliko waandishi wanavyodhani. Ripoti za CAG, mkaguzi wa hesabu za serikali, zinawekwa hadharani kila Aprili. Hansadi ipo. Zabuni zinatangazwa kwenye mfumo wa NeST, majina ya wenye kampuni unayapata BRELA, wakala wa usajili, kwa ada ndogo, na ubao wa matangazo wa kijiji unatakiwa kuonyesha mapato na matumizi. Chanzo akikuambia zahanati imelipwa na haijajengwa, kazi yako ni kuithibitisha kwa karatasi ambayo raia yeyote angeweza kuisoma. Ukiulizwa umeipata wapi, unaonyesha ukurasa.

Mkikutana, simu zote mbili zibaki nyumbani zikiwa zimewashwa. Kuzima simu mbili kwa wakati mmoja kisha kuziwasha baada ya saa moja ni kama kuandika barua.

Usihifadhi usichokihitaji. Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016, polisi wakitaka taarifa za watumiaji wa mtandao wake, na Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani kwa kuzuia uchunguzi, faini shilingi milioni tatu. Alisimama imara, lakini ilimgharimu miaka. Jina ambalo hukuliandika popote, hakuna wa kukulazimisha ulitoe. Ila angalia sana hapa: kufuta vitu baada ya kupokea wito ni jambo tofauti kabisa na linaweza kuwa kosa lenyewe. Usafi unafanywa mapema, kila siku, kama kufagia.

5. Nyaraka usizirushe zilivyo.

Picha ya simu hubeba ndani yake saa, aina ya simu na mara nyingine mahali ilipopigwa. WhatsApp huondoa taarifa hizo ukituma kama picha, lakini ukituma kama dokumenti zinakwenda zote. Karatasi nayo ina alama zake: kunjo, tone la wino, namba ya nakala, mwandiko pembeni. Marekani mwaka 2017 tovuti ya habari ya The Intercept walionyesha maofisa wa serikali nakala ya waraka wa siri ili wauthibitishe. Kunjo za karatasi zikaonyesha kwamba ulichapwa na mashine, kumbukumbu za ofisi zikaonyesha walioichapa ni wachache, na Reality Winner, aliyeuvujisha, akaishia kuhukumiwa miezi 63 jela. Chombo kizoefu, chenye wanasheria, na bado.

Kwa hiyo chapa upya maneno unayonukuu. Usichapishe picha ya waraka wenyewe, hata mhariri akililia "ushahidi wa kuonekana". Weka nakala kwenye flashi mbili, moja isikae nyumbani kwako.

6. Balansi stori, yaani mpe unayemwandika nafasi ya kujibu, na uwe na karatasi ya kuthibitisha ulibalansi.

Hapa ndipo waandishi wengi wazuri wanapoangukia, kwa hiyo nivumilie.

Kumpigia mkurugenzi saa kumi jioni wakati gazeti linafungwa saa kumi na moja sio kubalansi. Na ile sentensi yetu pendwa, "jitihada za kumpata ziligonga mwamba baada ya simu yake kuita bila kupokelewa", imechakaa. Siku ukiulizwa kizimbani ni jitihada zipi, uwe na orodha yenye tarehe na saa.

Fanya hivi. Andika barua yenye maswali, chapa nakala mbili, peleka masjala ya ofisi husika. Moja waichukue, nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakikataa kugonga, andika hapo hapo jina la aliyekataa na saa. Wape siku za kutosha, saba hivi kwa stori isiyo ya leo na kesho. Baada ya hapo tuma ujumbe mfupi, kisha piga simu. Kama unachotaka ni nyaraka za umma, taja kwenye barua Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Inawapa siku 30 za kujibu. Wengi hawajibu. Ukimya wao wenye muhuri una thamani kuliko majibu ya kukwepa.

Maswali yasimchome chanzo. Usiulize "kwa nini aya ya tatu ya barua ya mweka hazina inasema...". Uliza "zahanati ya kijiji fulani ilitengewa kiasi gani, mkandarasi ni nani, imefikia wapi". Ukweli utajitokeza kwenye jibu, au kwenye kukosekana kwake.

Kisha hakiki vitu vidogo. Aprili 2020 Mwananchi walifungiwa leseni ya mtandaoni miezi sita na kupigwa faini ya shilingi milioni tano kwa sababu ya picha ya Rais Magufuli akinunua samaki katikati ya watu wakati wa korona. TCRA ilisema picha ni ya zamani. Unaweza kubishana kuhusu ukubwa wa adhabu, na mimi nabishana. Lakini tarehe ya picha ni kitu cha kukagua kwa dakika tano. Usimpe mtu anayetafuta sababu sababu ya bure.

7. Uwanjani.

Vaa kinachokutambulisha, kitambulisho shingoni. Usisimame kati ya polisi na umati, hata kama picha ni nzuri kutoka hapo. Fika na mwenzako. Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa Nyololo, Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012, akiwa kazini kwenye shughuli ya chama cha siasa. Picha za waandishi waliokuwepo zilionyesha polisi wamemzunguka, na mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia.

Badilisha memori kadi ya kamera kila baada ya muda, ile iliyojaa iondoke na mtu mwingine.

8. Siku ya kuchapisha.

Wakili asome kabla. Stori itoke asubuhi ya Jumanne au Jumatano: ukikamatwa Ijumaa jioni, dhamana unaingoja hadi Jumatatu. Mweleze chanzo siku moja kabla ili asishtuke mbele ya wenzake. Usiku huo usilale peke yako, na bando liwepo.

Ukikwama

*Nimepigiwa simu niripoti kituoni.* Uliza jina, cheo, kituo na kosa. Omba wito wa maandishi, kwa heshima. Mwambie wakili na mhariri, kisha nendeni pamoja, ukiwa na simu ya batani. Kukimbia hakusaidii, kwenda peke yako "kumaliza haraka" ndiko hasara.

*Nimeshikwa.* Uliza sababu ya kukamatwa na omba kumjulisha wakili na ndugu. Ni haki yako kisheria. Sheria inaweka saa nne za msingi za mahojiano, na kuziongeza kuna utaratibu wake. Una haki ya kukaa kimya hadi wakili afike. Maelezo ya onyo, yale polisi wanayokuandikisha, usome yote kabla ya kusaini, na pale palipobaki wazi kwenye karatasi pachore mstari. Saa 24 zikipita hujapewa dhamana wala kufikishwa mahakamani, wakili aanze kuuliza kwa maandishi.

*Wamekuja kupekua.* Omba kuona hati ya upekuzi, awepo shahidi wa kujitegemea, mjumbe au jirani. Usizuie kwa mwili. Kila wanachochukua kiandikwe kwenye hati ya mali zilizochukuliwa, pamoja na namba ya IMEI ya simu, nawe upate nakala.

*Simu imerudishwa.* Ichukulie kama simu ya mtu mwingine. Kwa kutumia kifaa tofauti, badilisha nywila na toa akaunti zako kwenye vifaa vyote. Usimpigie chanzo kumwambia "wameichukua". Mfikie kwa njia mliyokubaliana.

*Mhariri amegoma kuchapa stori.* Mwombe sababu. Wahariri nao wamebeba mishahara ya watu, na wameona magazeti yakifungiwa: Mwanahalisi na Mawio walipewa miezi 24 mwaka 2017, na zuio kwao likatangazwa kuondolewa Februari 2022. Kama sababu ni ushahidi mdogo, ongeza. Kama ni woga, tafuta chombo cha pili mtoe siku moja.

*Mtu kaniletea bahasha "ya maji".* Rudisha mbele ya shahidi, andika tarehe. Ukiipokea na stori ikatoka, watasema ulitaka zaidi.

*Nitumie VPN?* Tangu X ilipozuiwa Mei 2025 naulizwa hili kila siku. Jua kwamba kanuni zinakataza kutumia zana za kufikia maudhui yaliyozuiwa, na Oktoba 2023 TCRA iliwataka wanaotumia VPN kwa kazi zao wajiandikishe. Ongea na mhariri mjiandikishe. Ni fomu tu, na inakutoa kwenye orodha ya vitu vya kukukamatia.

*Intaneti imezimwa.* Ilitokea siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, na wengi wetu tulikuwa hatuna hata namba za wenzetu nje ya simu. Andika namba sita kwenye karatasi ngumu: wakili, mhariri, wale watu wawili, klabu, na nyumbani. Kubalianeni mahali na saa ya kukutana endapo mtandao utakatika. Picha ziende kwa mkono, kwenye memori kadi, na kila anayebeba ajue anabeba nini kabla hajakubali. Karatasi hiyo usiiweke kwenye kasha la simu. Simu ndiyo wanayoichukua kwanza.